Je, Wajua? Sheria Iliyomo Ndani ya Tokeni

Wajua kwamba ukinunua LUKU, umeme wa kulipia kabla Tanzania, unabeba sheria kadhaa kwa mpigo? Usiishie kwenye zile tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita. Shuka chini ya ujumbe: VAT asilimia 18, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonigusa zaidi. Inatokana na Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005, na kazi yake ni kufikisha umeme vijijini. Bibi wa Tandika, Dar es Salaam, anayenunua umeme wa buku mbili anachangia nguzo ya kijiji ambako hajawahi kutia mguu.

Tangu 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa humohumo. Wewe mpangaji, deni hilo si lako, ni la mwenye nyumba. Tunza risiti, mdai.

Mafuta nayo yana sheria yake: bei kikomo Tanzania Bara hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kenya, mdhibiti wa nishati EPRA huitoa tarehe 14. Kituo kina ruhusa ya kuuza chini ya hapo. Kuipita ni kosa.

Turudi kwenye umeme: mradi usiofika megawati 1 Tanzania hauhitaji leseni ya kuzalisha. Vijana wenye maporomoko kijijini, mmesikia?

Wajua mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, Kenya, una mgawo wake? Sheria ya Nishati ya Kenya ya 2019 inagawa mrabaha wa jotoardhi hivi: serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, jamii ya pale pale 5.

Na Lamu, huko huko Kenya, je? Ulipangwa kujengwa huko mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Tarehe 26 Juni 2019, baraza la kitaifa linaloamua mashauri ya mazingira likaifuta leseni yake. Sababu mojawapo ni kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Nyingine, kwangu nzito zaidi, ni wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Mikutano iliyoitishwa ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, ripoti ya athari ikiwa bado haijaandikwa. Mvuvi aliitwa kutoa maoni, lakini makaa yangefanya nini baharini mwake, hakuna karatasi aliyowekewa mbele aisome.