Utepe, Karatasi na Milango ya Kiabakari

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii si daktari wala muuguzi: ni mkazi wa kitongoji aliyepewa mafunzo ili apite nyumba kwa nyumba, atoe elimu ya afya, atambue dalili za hatari na kumwelekeza mgonjwa panapostahili. Tanzania imekuwa na watu wa aina hii tangu zama za vijiji vya Ujamaa, ingawa kwa miaka mingi wengi wao walijitolea tu, kila mradi ukija na mafunzo yake na kuondoka nayo, mpaka Januari 31, 2024, Serikali ilipozindua mpango jumuishi unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa.

Katika mji mdogo kama Kiabakari, ulioko wilayani Butiama, mkoani Mara, thamani kubwa ya mhudumu huyo ni kujua mlango upi upigwe hodi. Utepe wa kupimia utapiamlo unalionyesha jambo hili vizuri. Ni ukanda mwembamba wa rangi ya kijani, njano na nyekundu, ambao huzungushwa katikati ya mkono wa juu wa mtoto mwenye umri wa miezi 6 hadi 59; kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5 huangukia kwenye nyekundu, na mtoto huandikiwa rufaa, yaani karatasi ya kumpeleka kituo cha tiba. Huko atapata chakula dawa, yaani chakula maalumu cha kutibu utapiamlo, lakini kilichomdhoofisha kimebaki nyumbani: shamba lisilotosha, mama aliyeachwa, au kaya ambayo haikutajwa katika mkutano wa kijiji siku yalipopitishwa majina ya wanufaika wa TASAF, mfuko unaotoa ruzuku kwa kaya maskini. Mhudumu anayeijua nyumba hiyo ndiye awezaye kulifikisha jina kwa mtendaji wa kijiji. Hali kadhalika mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili msamaha, yaani matibabu bila malipo katika vituo vya Serikali, ila haki hiyo hutaka utambulisho, na bibi asiyejua kwamba ipo hukaa na maumivu yake ndani.

Mlango mzito kuliko yote mkoani Mara ni wa msichana anayekimbia ukeketaji, uliopigwa marufuku kwa walio chini ya miaka 18 na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama Mugumu, wilayani Serengeti, na nyingine Kiabakari, ambako wasichana hukimbilia hasa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Msichana mmoja tu huhitaji Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, afisa ustawi wa jamii na kituo cha afya, nao hawaketi chini ya paa moja.

Karatasi ya rufaa huwa na kipande cha kurudishwa kwa mhudumu, kinachoeleza kama mgonjwa alipokelewa na alifanyiwa nini. Hicho ndicho kipimo halisi cha kazi hii, kuliko idadi ya nyumba zilizotembelewa. Wahudumu wanaongezeka, lakini kata nyingi nchini bado hazina afisa ustawi wa jamii, na rufaa isiyo ya dawa hukwama hapo.