Jasho la mwani, nyumba ya nani?

Wiki hii sikuleteeni habari za nani kaonekana na nani Forodhani. Nakupelekeni shamba, Paje. Msinune, na huko talaka imo, tena ya mtu wangu wa damu.

Jumamosi moja mie na mashoga zangu wawili tulipanda gari Darajani, tukapita msitu wa Jozani hadi pwani ya mashariki. Safari yenyewe ya kula upepo tu. Paje wenyewe mnaijua: mchanga mweupe kama unga, hoteli zimepangana, wageni wanateleza juu ya maji wakivutwa na matiara makubwa. Tumekaa chini ya mnazi na madafu yetu, mara akatokea mama mmoja kutoka baharini. Kanga imemganda mwilini, gunia kichwani linachuruzika maji.

"Masikini, kazi gani hii?" shoga yangu mmoja akauliza.

Nilipomtazama vizuri, looo! Shangazi yangu.

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunipokea mzigo au kunitazama?"

Madafu yalitushinda. Tulimpokea gunia, na hapo ndipo nilipojua uzito wa kitu ambacho miaka yote nilikiona kwenye picha tu. Mwani mbichi mzito jamani! Na ukishakauka unabaki kidogo tu, tuseme gunia kumi zinakuwa kama moja.

Kwa wale wa mjini wasiojua, kilimo cha mwani wa biashara Zanzibar kilianza mwaka 1989, hapa hapa Paje na jirani zao Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Unachomeka vigingi mchangani, unafunga kamba, kwenye kamba unafunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Kazi inakwenda na bamvu, maji yakitoka mbali. Baada ya kama wiki sita unavuna, unaanika, unauza. Ukifika ng'ambo unatolewa uteute wa kugandishia vitu. Dawa ya meno unayopigia mswaki asubuhi, aiskrimu unayomnunulia mpenzi, huenda imo jasho la shangazi yangu.

Mwanzoni wanaume nao walijaribu. Walipoona bei haina maana, wengi wakarudi kwenye uvuvi na shughuli nyingine. Wanawake wakabaki. Leo katika kila wakulima 10 wa mwani Zanzibar, 8 au zaidi ni wanawake, na wote kwa jumla wanahesabiwa kwa maelfu mengi.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe. Jioni shangazi alitupikia wali na pweza wa nazi, akatusimulia.

Alianza mwani akiwa mwari mdogo, hajamaliza miaka miwili ya ndoa. Mume alinuna kwanza: mke atakaaje majini kutwa? Fedha zilipoanza kuingia, kununa kukaisha. Sare za watoto, mwani. Kitanda na kabati, mwani. Halafu wakaanza kujenga. Matofali, saruji, mabati, shangazi akitoa kidogo kidogo kila akiuza. Kiwanja kilikuwa cha upande wa mume, na karatasi zote za dukani zikaandikwa jina la mume.

"Nilikuwa naona haya kusema andika na langu," alisema. "Mume wangu, nyumba yetu. Nitaanzaje?"

Baada ya miaka kumi na saba ikaja talaka. Shangazi alitoka na sufuria zake, nguo zake na kamba zake za mwani. Nyumba ikabaki na mwenyewe, na haukupita muda akaingia mke mwingine.

"Ulikwenda kudai?" nikamuuliza.

"Nidai na nini, mwanangu? Ushahidi wangu ulikuwa mgongo tu."

Kimya. Hata shoga yangu anayeongea kama redio alinyamaza.

Wasomaji wangu, tukisikia "haki za wanawake" wengi tunafikiria semina, chai na vitafunio. Tunakumbuka Beijing mwaka 1995, na tunajisifu kuwa Katibu Mkuu wa mkutano ule alikuwa Mtanzania mwenzetu, Mama Gertrude Mongella. Tunajisifu pia kuwa Mama Samia, mtoto wa huku huku Kusini Unguja, aliapishwa kuwa Rais wa Muungano tarehe 19 Machi 2021. Fahari yetu, sikatai. Lakini shangazi yangu haki yake ilipotelea kwenye stakabadhi ya duka la saruji.

Na wale wanaodai usawa ni mambo ya Kizungu, nawaomba wamuulize sheikh wao. Dini yetu inajua tangu zamani kuwa alichochuma mke ni chake, na kulisha nyumba ni wajibu wa mume. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 nayo inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Tena Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 ilimpa kadhi nafasi ya kusikiliza madai ya mali za wanandoa, mradi mtu aonyeshe alichochangia. Hapo ndipo penye kazi: kuonyesha. Mwenye karatasi anazungumza, asiye nayo analia.

Nyumba si kilio pekee. Bei ya mwani hapangi mkulima. Kikombe kimoja cha kahawa kwenye mkahawa wa ufukweni kinaweza kumeza bei ya kilo kadhaa za mwani mkavu. Bahari nayo imekuwa ya moto. Ile aina yenye bei nzuri, wanayoiita kotonii, haipendi joto na inakufa kwenye maji ya kina kifupi. Iliyobaki kwa wingi ni spinosamu, ya bei ya chini. Na ufukwe ule ule wa kuanikia mwani ndio wanaoutaka wenye viti vya kuotea jua.

Lakini kina mama hawajakaa kulia. Dokta Flower Msuya, mtafiti wa sayansi za bahari hapa Zanzibar, ameshughulika miaka mingi na wakulima kutafuta njia za kulima kwenye kina kirefu na kuongeza thamani. Hapo Paje utakuta sabuni na mafuta ya mwani. Mwani uliokwisha kuwa sabuni bei yake si ya gunia tena, na anayeipanga ni mwenye sabuni.

Shangazi naye kaanza upya. Ana kiwanja chake, kidogo, nyumba imefika usawa wa madirisha. Kabla hatujaondoka alitoa mfuko wa plastiki chini ya godoro, umejaa stakabadhi, kila moja jina lake.

"Hii ndiyo mahari niliyojipa mwenyewe," alisema, akacheka.

Dada zangu, mapenzi hayakatazi kuandika jina. Mkijenga pamoja, majina mawili. Ukinunua, karatasi weka. Na nyie makaka, kama kweli unampenda, mtangulie wewe kusema "andika na lake". Utapungukiwa nini?

Mie mwenyewe nina mchumba. Jumapili niliporudi mjini nilimuuliza: siku tukijenga, karatasi jina la nani? Akajikuna kichwa, akasema anafikiria.

Afikirie. Namsubiri, na shangazi naye anasubiri jibu.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.