Kompyuta ya Kiganjani Ianze na Vidole

Wengi wanaojitengenezea kompyuta ya kiganjani huanza na skrini. Hununua kioo kizuri, hukiunganisha na Raspberry Pi Zero 2 W, bodi ya milimita 65 kwa 30 yenye megabaiti 512 za kumbukumbu, kisha kibodi hubanwa kwenye nafasi iliyosalia. Kinachopatikana ni chombo cha kutazamia. Ukirudi kutengeneza toleo bora zaidi, bodi inaweza kubaki ileile. Kinachohitaji kuchorwa upya ni kibodi. Psion Series 5, kompyuta ya kiganjani ya Uingereza iliyotoka mwaka 1997, ilionyesha hilo: ukiifungua, kibodi ilisogea mbele na skrini ikaegemea nyuma yake, hata ukigusa skrini chombo hakipinduki.

Chora vitufe kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, bandika juu ya kadibodi, ishike, ujaribu kuandika. Kibodi ya mezani huacha milimita 19 kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya jirani yake. Kwa vidole gumba nusu ya hapo yatosha. Vitufe vya katikati lazima vifikiwe na gumba lolote.

Kisha nyaya. Raspberry Pi Pico, bodi ndogo itakayosoma kibodi, ina pini 26 za kuunganishia, nawe una vitufe 40. Vipange katika mistari 5 na safu 8, na pini 13 zitatosha: programu huamsha mstari mmoja baada ya mwingine na kusoma safu zote. Hapa ndipo wengi hunaswa. Ukibonyeza vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili, umeme huzunguka na pembe ya nne nayo husomeka, ingawa hakuna aliyeigusa. Dawa yake ni daiodi moja kwa kila kitufe, 1N4148 kwa mfano, zote zikielekeza mikanda yake myeusi upande mmoja. Geuza moja tu kinyume, na kitufe chake kitakuwa bubu. Programu nayo isubiri milisekunde 5 hivi, kwa kuwa chuma cha swichi hutetema kinapogusana, na “baba” huweza kuandikika “baaba”.

Kiswahili sanifu hakitumii Q wala X, ila hakiwezi kuandika ng'ombe bila ritifaa, ile alama ya juu (') ambayo kibodi ndogo huificha. Mimi huipa nafasi ya Q. Q na X zihamie tabaka la pili, linalofikiwa kwa kushikilia kitufe kingine, maana amri za Linux bado zinazitaka; QMK, programu huria ya kuendesha kibodi, huruhusu mpangilio huo.

Betri ya lithiamu ya mAh 2000 kwa volti 3.7 hubeba saa-wati 7.4. Kupandisha volti hadi 5 hula sehemu yake, hivyo chombo kinachotumia wati 1.5 kitadumu saa nne na ushei. Chagua yenye saketi ya ulinzi, uiweke chini ya kibodi. Ikikaa nyuma ya skrini, uzito huvuta juu na vidole gumba huishia kushikilia chombo badala ya kuandika.