Pijo ya Mjomba na Miguu ya Kuazima

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilidhani methali hii ni ya kupambia insha tu, hadi nilipoona yaliyoupata mkweche wa mjomba wangu hapa kwetu Manga.

Mjomba ana Peugeot 504 ya stesheni wagoni, yaani Pijo kama tunavyoiita sote. Gari hili hubeba ndizi hadi soko la Daraja Mbili mjini Kisii, na siku za kliniki humpeleka nyanya hospitalini, maana mgongo unamsumbua sana. Kila wakiingia shimoni nyanya hulia, "Wee mwanangu, wataka kunimaliza?" Mjomba akasikia kuwa Pijo ya saluni ni nyororo kwa nyuma. Akanunua vyuma vya nyuma vya saluni iliyokufa ili avifunge kwenye gari lake.

Je, tofauti ni ipi? Fundi mmoja mzee alinieleza hivi: "Kijana, umewahi kuona watu wawili wakibeba mzigo kwa mti mmoja mabegani? Mmoja akijikwaa, mwenzake pia anayumba. Hiyo ndiyo ekseli nzima. Sasa kila mtu akibeba mtungi wake, huyu akijikwaa yule hana habari."

Stesheni wagoni ya 504 ina ekseli nzima. Difu imo katikati ya ekseli hiyo, na vyote hupanda na kushuka pamoja na magurudumu. Kwa hivyo gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia nalo huinama. Lakini saluni nyingi za 504 zina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea. Difu imefungwa chini ya bodi, na kila gurudumu lina mkono wake, springi yake na shafti fupi yenye viungo. Vyuma vinavyorukaruka na gurudumu ni vyepesi zaidi, ndiyo maana abiria hatikisiki sana.

Mjomba hakumngoja mzee huyo. Alimpa kazi mchomeleaji mwingine aliyemwahidi kumaliza kwa siku mbili. Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Kwanza, stesheni wagoni ni ndefu. Toka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni kama sentimita 290, na saluni ni 274. Propela ya saluni ikapungukiwa na sentimita 16, ikaungwa kwa kuchomelewa. Pili, difu iliyokuwa ikibebwa na ekseli sasa ilining'inia kwenye bodi, na bodi yenyewe ilikuwa na kutu. Tatu, kila gari lilipojaa ndizi magurudumu ya nyuma yalilala, vichwa ndani na miguu nje, na tairi zikalika upande wa ndani.

Siku ya kliniki, kwenye mteremko, mimi nikiwa nyuma na nyanya mbele, tulisikia "kaa!" Kibati kimoja kilichoshika difu kilikuwa kimeachia. Gari likavuta upande wa bonde. Mjomba alikanyaga breki, akavuta na ile ya mkono, tukasimama hatua chache kutoka ukingoni. Hakuna aliyesema neno. Nyanya alishuka polepole, akaketi kwenye nyasi, akafunga macho. Mjomba alikuwa akitetemeka mikono.

Mzee fundi alipoliona gari hakucheka. Alisema kazi hiyo inawezekana, ila ina masharti: kupima kila kitu kabla ya kukata, kuimarisha bodi mahali difu inapofungwa, kupata propela ya kipimo na iliyosawazishwa, na kuangalia mipira ya breki na waya wa breki ya mkono. Hata kule Marekani, Ford Mustang iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1964 ilitumia ekseli nzima kwa miaka mingi. Mustang zote zilipata magurudumu ya nyuma yanayojitegemea mwaka wa 2015 tu, isipokuwa chache maalumu za kabla ya hapo.

Tena ekseli nzima si aibu. Katika mbio za Safari Rally, Ove Andersson alishinda mwaka wa 1975 kwa Pijo 504 ya saluni. Lakini mwaka wa 1974 na 1976 Joginder Singh alishinda kwa Mitsubishi Lancer yenye ekseli nzima, juu ya springi za vyuma bapa.

Basi ekseli ya zamani ikarudishwa. Mzee aliikagua, akagundua shokabzoba mbili zilikuwa zimekufa kitambo, bushi zimelika, na tairi zimejazwa upepo kupita kiasi. Alibadilisha hizo, akapunguza upepo, basi. Gharama ilikuwa ndogo kuliko bei ya vile vyuma vya saluni, ambavyo sasa kuku wanalalia nyuma ya jikoni.

Wenzangu mnaotaka kuwa mafundi, kabla ya kung'oa jipimeni: je, kilichopo kimeharibika, au hakijatunzwa? Juzi tulipita kwenye mteremko ule ule. Nyanya alishika kiti kwa mikono miwili mpaka tukafika chini. Kisha akamwambia mjomba, "Mwanangu, leo hujaniumiza."