Tsarine: jina hili lilitoka wapi?

Wandugu wachimbaji, na ninyi bamama, watoto wanarudi kutoka masomo na kitabu cha historia na wanauliza: « Tsarine ni nani? » Jibu fupi: ni bibi ya mufalme wa Urusi, ao mwanamuke mwenye kutawala Urusi yeye mwenyewe. Lakini neno lenyewe lilifanya safari ndefu.

Muzizi wake ni Kaisari, ule tunamusoma katika Injili. Julius Caesar alikuwa mukubwa wa Roma, akauawa mwaka 44 mbele ya Kristo. Wenye kutawala nyuma yake wakageuza jina lake kuwa cheo. Wajerumani wakasema Kaiser, Warusi wakasema tsar. Kwa Kirusi, bibi ya tsar ni tsaritsa. Ile « -itsa » ya mwisho njo inaonyesha mwanamuke. Binti yake ni tsarevna. Tsarine ni neno la Wafaransa, Warusi hawalisemi.

Ivan wa 4 alivikwa taji ya tsar mwaka 1547. Mwaka ule ule akaoa Anastasia, na huyu akawa tsaritsa. Cheo hakikutoka kwa kazi yake, kilitoka kwa bwana yake tu.

Mwaka 1721 Pierre le Grand akajiita imperator, na bibi yake akaitwa imperatritsa. Bibi huyu, Catherine wa 1, alikuwa mutoto wa masikini, alifanya kazi ndani ya nyumba za watu. Bwana alipokufa mwaka 1725, akatawala yeye. Jina lake liko mpaka leo juu ya muji wa Yekaterinburg, kwenye milima ya Ural, uliofunguliwa mwaka 1723 kwa kiwanda cha chuma. Kule chuma, kama huku kwetu shaba.

Kisha, nyuma ya watawala wengine, akakuja Catherine wa 2. Wenye vitabu wanamusifu sana. Lakini mwaka 1767 alikataza watumwa wa mashamba kumupelekea mashitaki juu ya mabwana wao. Mwenye kuthubutu alipigwa fimbo, kisha kazi ngumu kule Nerchinsk, Siberia, kwenye mashimo ya feza. Angalieni vizuri: kushuka ndani ya shimo ilikuwa azabu ya mutu aliyesema.

Watu wakifungwa kinywa, njaa inasema kwa nafasi yao. Tarehe 8 Machi 1917, siku ya wanawake, bamama wa viwanda vya Petrograd waliacha kazi, wakatoka njiani kudai mukate. Tsaritsa Alexandra akaandikia bwana yake kwamba ni fujo ya vijana tu. Nyuma ya juma moja hivi, tsar akaacha kiti. Cheo cha tsaritsa kikaisha pale.

Mwaka 1918, kule Yekaterinburg, Alexandra, bwana yake na watoto wao watano waliuawa bila tribinali. Maiti zao zilitupwa kwanza ndani ya shimo la zamani la kuchimba chuma. Kuua watoto si haki ya mufanyakazi, na hakuna la kufurahia humo.

Basi tarehe 8 Machi, bamama wakivaa bikwembe na kutembea, mutoto akiuliza juu ya tsarine, mumuambie na hii: siku zile mukubwa alipewa habari ya mukate, akasema ni makelele.