Safari ya pikipiki porini: Walio hai wamefungashiwa nini?

Simu ya msiba haina saa. Huingia baada ya Isha, ikieleza kwamba mazishi ni kesho kabla ya Adhuhuri, na kijiji chenyewe basi halifiki. Vijana wawili wa nyumbani wanawasha pikipiki na kuondoka usiku huo huo. Ndivyo ilivyotokea katika familia ya mwandishi wa safu hii, katika njia ya pori kati ya Nachingwea na Liwale, mkoani Lindi.

Vijana wale walifungasha sanda, ubani, sabuni, mchele na sukari ya msibani. Kwa ajili yao wenyewe walichukua chupa mbili za plastiki zinazofanana: moja ya maji, nyingine ya petroli ya akiba. Njiani pikipiki iliteleza kwenye mchanga, na aliyekaa nyuma akachanika muundi wa mguu. Hawakuwa na kitambaa safi cha kufungia jeraha wala tochi, na simu zote mbili zilikuwa zimekwisha chaji. Katika giza lile majeruhi akaomba maji. Mwenzake akapapasa mzigoni na kumpa chupa. Ilikuwa ya petroli.

Alhamdulillah alipona, baada ya kulazwa na kukohoa kwa siku kadhaa. Lakini tukijiuliza sababu, jibu linatia aibu: kila kitu cha maiti kilikuwepo mzigoni, cha walio hai hakikuwepo.

Ndugu msomaji, pikipiki leo ndiyo inayowafikisha walimu wa madrasa, wanunuzi wa korosho na ufuta, wahudumu wa chanjo na hata akina mama wajawazito katika vijiji ambavyo gari haliingii. Kwa hiyo wiki hii tuangalie ni vitu gani msafiri wa porini asiondoke bila kuwa navyo, na kwa nini.

Panga mzigo kwa saa

Watu wengi hufungasha kwa kuangalia nafasi iliyobaki kwenye keria. Kanuni bora ni kujiuliza: nikipata matatizo na msaada uko mbali, ni kitu gani kitaniua kwanza? Damu nyingi huua kwa dakika. Joto kali huua kwa saa. Maji na chakula kichafu hudhuru kwa siku. Basi cha dakika kikae mwilini au juu kabisa ya mzigo, cha saa kifuatie, cha siku kikae chini.

Vinavyovaliwa

Kinga ya kwanza haifungwi kwenye keria, inavaliwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mpanda pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni kofia iliyofungwa mkanda kidevuni, na abiria naye awe na yake. Ongeza viatu vilivyofunika kifundo cha mguu, suruali nzito, na miwani ya kuzuia vumbi na matawi.

Akina mama na dada zetu wachukue hadhari ya pekee. Pindo la baibui, ncha ya mtandio au kanga inayopepea hunaswa na mnyororo au spoku za gurudumu, na mtandio ulionaswa hukaza shingo kwa ghafla. Vaa suruali pana ndani, kusanya baibui na kulikalia, na ncha za mtandio zichomekwe ndani ya nguo. Kwa kufanya hivyo sitara inabaki na hatari inapungua. Wanaume wenye kanzu nao waiweke kwenye mfuko, waivae wakifika.

Cha dakika: damu

Mfuko mdogo wa huduma ya kwanza uwe na gozi, bandeji mbili pana, plasta, glovu, mkasi na kipande cha sabuni. Mtu akitokwa na damu, weka gozi au kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu kwa dakika 10 mfululizo bila kufunuafunua kuangalia. Damu ikilowa, ongeza kitambaa juu yake, usikiondoe cha kwanza. Kukaza mguu au mkono juu ya jeraha ni njia ya mwisho, pale damu inaporuka na haizuiliki. Hapo tumia kitambaa kipana, si kamba nyembamba, andika saa uliyofunga, na usikifungue mpaka hospitali.

Jeraha dogo lioshwe kwa maji safi na sabuni. Udongo wa njiani hubeba vijidudu vya pepopunda, hivyo aliyeumia aulize kituoni kuhusu chanjo yake. Aliyeungua kwa bomba la moshi apozwe kwa maji safi ya kutiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na asali visipakwe.

Cha saa: maji

Chukua lita 4 hadi 5 kwa kila mtu kwa siku moja ya safari ya jua kali. Unywe kidogo kidogo kabla kiu haijakubana. Weka pia pakiti mbili tatu za chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji. Zikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi hutosha.

Mtu akianza kuongea ovyo, akayumba na mwili wake ukawa wa moto, hilo ni joto limempanda kichwani, si uchovu tu. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea huku mkitafuta usafiri. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Hapa pana suala la udhu. Maji yakiwa ni ya kunywa tu na hakuna mengine, sheria imempa msafiri ruhusa ya kutayamamu kwa udongo safi. Asijione kwamba amepungukiwa kwa kuhifadhi maji yanayolinda uhai. Kadhalika, aliyefungwa bandeji asiifungue kila wakati wa swala; awaulize masheikh namna ya kupangusa juu yake.

Petroli isifanane na maji

Vijijini petroli huuzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Mafuta ya akiba yawekwe kwenye kidumu chenye rangi na umbo tofauti, kifungwe upande wa pili na chakula. Usinyonye mafuta kwa mdomo kupitia mpira.

Mtu akimeza petroli asitapishwe, wala asipewe maziwa kwa nia ya kumtapisha. Petroli inaporudi juu huweza kuingia kwenye mapafu na kuleta homa kali ya mapafu. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe mdomo na ngozi, na apelekwe kituo cha afya hata kama anajisikia vizuri.

Cha siku: tumbo na tohara

Maji ya mtoni au kisimani yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe vidonge vya kutakasia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kusubiri dakika 30. Usipokuwa na moto wala vidonge, jaza maji maangavu kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga na uilaze juani saa 6.

Kwa chakula, tende, karanga na mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa ni bora. Pilau ya asubuhi isikae mfukoni kwenye joto mpaka jioni. Wali uliolala kwenye joto huotesha vijidudu ambavyo hata kuupasha hakuondoi sumu yake.

Chukua chupa ndogo ya istinjaa iliyowekwa alama, isichanganywe na ya kunywa, pamoja na sabuni. Haja ifanyike mbali na chanzo cha maji, angalau hatua 40, na ifukiwe. Usichume majani usiyoyajua kwa kujipangusia. Wengi wamejutia upupu. Wanawake wabebe pedi hata kama siku zao bado.

Mbung'o, nyoka na mbwa

Katika mapori ya kusini na magharibi mbung'o hukifuata chombo kinachotembea, na huvutwa zaidi na rangi ya buluu na nyeusi. Nguo ya khaki nzito ya mikono mirefu ni bora zaidi. Homa baada ya safari isichukuliwe moja kwa moja kuwa malaria. Pima, na umweleze mhudumu kwamba ulipita kwenye mbung'o, kwani wanaweza kueneza malale.

Aliyeumwa na nyoka atulie, avuliwe pete na viatu, mguu au mkono ufungiwe kijiti usitikisike, kisha apelekwe hospitali. Asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba. Mbwa nao hupenda kufukuza pikipiki. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukapate chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama kidonda ni kidogo.

Pikipiki za matairi manne

Chombo hiki kinapendwa na vijana, na ndugu zetu walioko Oman na Ghuba wanakijua kwenye mchanga wa jangwani. Matairi manne humpa mtu matumaini ya uongo. Chombo hiki hupinduka kwenye mteremko na kumlalia dereva. Nyingi zimetengenezwa kwa mtu mmoja, kwa hiyo abiria wa ziada ni hatari. Mtoto aliye chini ya miaka 16 asipewe ya watu wazima. Vya kufungasha ni vile vile, ila huko jangwani maji yaongezwe, na safari iwe asubuhi.

Kabla ya kuaga

Mwenye kisukari, pumu au presha abebe dawa zake za siku mbili zaidi, zikae mwilini na si kwenye keria. Insulini ifunikwe kwa kitambaa kibichi, isipigwe na jua. Kisha hakikisha hivi vipo:

1. Kofia ngumu mbili, miwani, viatu.
2. Mfuko wa huduma ya kwanza, juu ya mzigo.
3. Maji lita 4 hadi 5 kwa kila mtu, chumvichumvi, vidonge vya kutakasia.
4. Petroli kwenye kidumu chake, mbali na chakula.
5. Tende, sabuni, chupa ya istinjaa.
6. Tochi, simu iliyojaa chaji, na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi.
7. Viraka, gundi yake, pampu, plagi na waya wa klachi.

La mwisho halina uzito wowote: waachie wa nyumbani maelezo. Njia mtakayopita, saa ya kufika, na nani aanze kuwatafuta ikipita. Wale vijana wetu hawakuacha neno, hivyo hakuna aliyewatafuta mpaka asubuhi, pale mpita njia mwenye baiskeli alipowakuta.

Na kama simu imeingia usiku na njia ni ya pori, basi mzee wa nyumba awe na ujasiri wa kusema: ngojeni alfajiri. Kumzika ndugu ni wajibu ambao wengine waliopo kijijini watautekeleza. Hakuna aliyewajibishwa kuongeza jeneza la pili.

Tukutane wiki ijayo, Insha Allah.