Klachi Ikikuruka

Kuna siku nduthi inakuruka live live, mbele ya watu. Mimi ilinipata nikitoka shamba upande wa Kiambere, saa moja asubuhi, gunia mbili za muguka, yale majani ya kutafuna, nyuma, na broka wa Kiritiri ananipigia kila dakika juu gari ya Embu iko karibu kutoka. Nikafika kwa kapanda fulani ka changarawe, nikafungua mafuta. Injini ikalia kama inataka kupaa. Mimi na muguka yangu tukabaki hapo hapo, tukisonga kama msafara wa harusi. Alafu harufu ikaanza, ile ya kitu inaungua ndani kwa ndani. Mathe mmoja alikuwa analima kando ya njia akaniuliza, "Kijana, unachoma nini?"

Kama hujawahi miliki nduthi, wacha nikuchanue. Klachi ndio inashikanisha injini na gia. Ndani kuna pleti zimepangwa kama chapati: moja ina ngozi ya kushika, inayofuata ni chuma tupu, tena ya ngozi, tena chuma, zote zimelowa oili. Springi zinazifinya zishikane. Ukivuta leva zinaachana, ukiachilia zinashikana na nguvu inafika kwa tairi. Ngozi ikiisha, injini inapiga kelele peke yake na tairi inaangalia tu.

Na ukitaka kumaliza ngozi haraka, kuja huku kwetu Mbeere. Muguka ikinyauka, bei imenyauka nayo, so wasee wote wa nduthi asubuhi wako mbio. Njia za ndani ni mchanga, mawe na vijito vya msimu. Unapita ukiwa umeshika leva nusu, hujavuta hujaachilia. Hiyo nusu ndio inakula pleti, juu zinasuguana badala ya kushikana. Mei 2024, Mombasa, Kilifi na Taita Taveta ziliposema hazitaki muguka huko kwao, tulikaa steji tukicheza drafti mpaka Korti Kuu ya Embu ikasimamisha kwa muda marufuku ya Mombasa na Kilifi. Nadhani hiyo ndio likizo pekee klachi yangu iliwahi pata.

Sasa rada. Fundi wa kwanza hata hakuinama. "Pleti zimeisha, leta doh." Nikahepa. Nikasukuma hadi kwa mzae mwingine anafanyia kazi chini ya mwembe. Huyu alianza na leva. Akaigusa na kidole kimoja, akacheka. "Kijana, hii haina mchezo hata kidogo."

Iko hivi: leva inafaa icheze bure kidogo kabla kebo ikaze, sentimita moja hadi mbili hivi pale kwa ncha. Kebo ikikaza sana, ni kama mtu amekushikia klachi mchana kutwa. Pleti hazifungi, zinateleza hata kama ni mpya. Kurekebisha ni spana namba 10 na dakika mbili. Kuna wasee wamelipia pleti na shida ilikuwa kebo tu, na hakuna fundi atakurudishia hiyo ganji.

Mzae akalegeza kebo, akaniambia nipande. Breki mbili zote nishike, niweke gia ya juu kabisa, alafu niachilie klachi polepole. Injini inafaa kuzima. Yangu ikaendelea kunguruma kama hakuna kitu imefanyika.

"Haizimi?"

"Haizimi, mzee."

"Basi imeenda."

(Usichanganye na ile shida ingine: umeshika leva yote na bado nduthi inasukuma mbele, ama fri inakataa kuingia. Hiyo ni pleti hazitaki kuachana. Pengine kebo imelegea, pengine chuma imepinda.)

Akamwaga oili. Nyeusi tii, inanuka kama makaa. Akatoa kiki, akatoa kibao cha kukanyagia, akaanza kufungua kava ya upande wa kulia. Hapa ndio nilimheshimu. Alichora umbo la kava kwa kipande cha katoni, na kila bolti akiitoa anaidunga pale pale kwa mchoro, juu hazitoshani urefu. Ukirudisha ndefu kwa shimo ya fupi, umepasua kava. Za springi alilegeza kidogo kidogo, hii alafu ile ya kuangaliana nayo. Alafu kuna nati ya meno katikati. Wengi huipiga na patasi na nyundo mpaka meno yanaisha. Yeye ana kipande cha paipu alichonga meno mwenyewe.

Pleti zikatoka. Za ngozi zilikuwa zimelainika kama sabuni imebaki kaukucha. Za chuma zilikuwa na madoa ya bluu, rangi ya mjusi dume akijishow kwa jiwe. Hiyo bluu ni moto. Akaweka moja juu ya kioo kilichovunjika, akaifinya pembeni, ikacheza. Imepinda. Springi za zamani akazisimamisha kando ya mpya: zimekuwa fupi. Pleti na springi mpya kwa duka hazikunifikisha thao mbili. Gasketi nayo alitaka kukata ya manila, hapo nikakataa, nikanunua ya ukweli.

Pleti mpya akazitupa kwa oili safi zilowe, tukaenda chai na mandazi. Ukiziweka zikiwa kavu zinaungua siku ya kwanza. Na hiyo oili isiwe ya gari. Zingine zina dawa ya kuteleza, na klachi ya nduthi inaogelea kwa oili hiyo hiyo ya injini. Angalia chupa kama imeandikwa JASO MA.

Jioni nikaijaribu kwa kapanda. Ikashika hadi tairi ya mbele ikataka kuinuka. Niliporudi mzae hakuangalia nduthi, aliangalia mkono wangu wa kushoto. Vidole viwili vilikuwa vimelala juu ya leva, vyenyewe tu, bila mimi kuviambia.

"Toa," akasema.

Bado ananidai soo mbili. Nikipita kwa huo mwembe napiga honi, na kabla anisalimie anaangalia vidole.